Barua ya Muumini Hai

Basi bwana, tangazo lilinifikia Jumanne jioni nikiwa nimesimama ndani ya daladala ya Mbagala, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika simu. Lilikuwa limeshapita kwenye makundi mengi kabla ya kunifikia mimi, na kila aliyelipitisha alikuwa ameongeza neno lake juu: "Changamkieni", "Mtumie na mwenzio", "Mungu akufungulie". Chuo kikuu kishiriki cha Kanisa Katoliki, huko mikoani, kilikuwa kinatafuta watu. Jina la chuo naliacha, maana ninayotaka kuyasema hayakihusu chuo kimoja tu. Nilisoma mpaka nikapitiliza kituo.

Mimi naamini kwamba ukitaka kukijua chuo usisome kile kitabu chake chenye picha za wanafunzi wakicheka chini ya mwembe. Soma tangazo lake la kazi. Pale ndipo kinapokiri kinachokosa. Hili lilitaka mhadhiri mmoja wa sheria, wahadhiri wasaidizi wawili wa uhasibu, mkutubi msaidizi, fundi wa kompyuta, matroni wa bweni la wasichana, dereva wa basi, mpishi na walinzi wawili. Na katikati ya hao, kama vile mtu kanichomekea mimi, mkufunzi msaidizi mmoja wa Kiswahili, shahada ya kwanza, GPA isiyopungua 3.8. Mimi nina 3.9. Tangu nimalize chuo mwaka 2019 nabangaiza na tuisheni, watoto wa kidato cha nne kwenye chumba cha uani, kila kichwa shilingi elfu moja kwa siku, na nusu yao hulipa kwa ahadi.

Kisha, chini kabisa, masharti kwa waombaji wote. Nakala za vyeti. Cheti cha kuzaliwa. Majina ya wadhamini watatu. Na la mwisho: barua ya utambulisho kutoka kwa paroko au kiongozi wa dini wa mwombaji, ikithibitisha kuwa mwombaji ni muumini hai.

Muumini hai. Maneno mawili tu, lakini yalininyima usingizi kuliko ile GPA ilivyonipa furaha.

Maana mimi ni Mkatoliki wa vyeti. Cheti cha ubatizo ninacho, cha komunyo ya kwanza ninacho, cha kipaimara ninacho, vyote kwenye faili moja la plastiki pamoja na vya shule. Nilikuwa mtumishi wa altare, nimebeba chetezo mpaka macho yakaniwasha. Lakini tangu Machi 2021, tulipomzika mama, sijakanyaga kanisani. Sikugombana na padri, sikuhamia kwa walokole, sikusoma kitabu cha wasioamini nikashawishika. Ilikuwa kama redio iliyoishiwa betri. Hakuna aliyeizima. Siku moja unagundua kwamba nyumba ina kimya.

Na barua ya paroko, kwa wasiojua, haipatikani kwa paroko. Ukifika ofisini kwake, katibu wa parokia anakuuliza barua ya jumuiya. Mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya mtaani kwako ndiye anayekujua, ndiye anayeandika kwamba unasali, unashiriki misiba, unatoa zaka. Anagonga muhuri, ndipo paroko naye anaandika. Hapo unatoa na kadi ya zaka. Yangu mara ya mwisho kujazwa ni Februari 2021. Baada ya hapo ni visanduku vyeupe, safu kwa safu.

Nikapeleka suala kijiweni. Msomaji mwenzangu, kama unataka kuandika insha za maadili usianzie maktaba, anzia kwa muuza kahawa. Pale kwetu lilijadiliwa kwa dakika kumi na likaisha.

"Barua tu hiyo, mshikaji. Zuga, pata, songa mbele."

"Nani ataumia? Padri ataumia?"

"Wenyewe wanajua. Unadhani wale wote waliomo mle wanasali?"

Na fundi viatu, mtu mzima ambaye huwa hasemi, akasema bila kuinua macho kwenye soli: "Mungu gani atamkasirikia mtu kwa kutafuta ugali?"

Nilirudi nyumbani nimeshinda kesi, na bado nilikuwa sina raha. Nikajaribu kuzipima hoja zao moja moja. Ya njaa sikuigusa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi si mwenye shibe, kwa hiyo najua kwamba njaa husamehe mengi. Lakini kusamehe na kufanya kitu kiwe kweli ni mambo mawili. Iliyonisumbua ni ile ya tatu. Wenyewe wanajua.

Maana ina uzito. Sisi Waswahili tunaamka na homa ya nyuzi 39, jirani anauliza hujambo, tunajibu sijambo, na hakuna aliyetuita waongo. Tunamwambia mgeni karibu tule wakati sahani ina ugali wa mtu mmoja, naye anajibu ahsante nimeshiba wakati tumbo linanguruma. Wote wawili wanajua, na kwa kuwa wote wanajua, hakuna aliyedanganywa. Je, ile barua si salamu ya namna hiyo? Chuo kinauliza hujambo, mimi najibu sijambo, tunaingia ndani?

Nilikaribia kuridhika. Kisha nikamkumbuka Sheikh.

Sheikh si sheikh, ni jina tulilompa chuoni kwa sababu alikuwa anaondoka kwenye mjadala wa kikundi kila ikifika saa ya swala. Tulisoma darasa moja, Kiswahili hicho hicho, yeye akatoka na 4.2. Mambo ya sarufi aliyonifundisha usiku wa kuamkia mitihani ndiyo yaliyonipa hii 3.9 ninayoringia. Nilipompigia kumweleza kuhusu tangazo alicheka. "Nimeshaliona. Barua ya imamu ninayo tangu jana." Tangazo lilisema paroko au kiongozi wa dini, si hivyo? Kaenda msikitini baada ya Isha, kaeleza, imamu kaandika, kagonga muhuri. Muda wa kunywa chai.

Hebu tazama kichekesho hiki. Kazi katika chuo cha Wakatoliki, nafasi moja, waombaji wawili marafiki. Mwislamu ana barua ya kweli mkononi. Mkatoliki anatafuta ya uongo. Na pale ndipo hoja ya salamu ilipovunjika mbele yangu, kwa sababu sijambo yangu haimzibii mtu njia. Barua yangu ingemzibia. Nafasi ni moja. Nikisema mimi ni muumini hai, na mbele ya jopo la mapadri jina langu la ubatizo likapewa nusu alama kuliko la kwake, nitakuwa nimemwibia mtu ambaye ninajua hata anapokaa.

Hapo mwenzangu mmoja anayeandika mashairi ya hasira akaniambia kosa ni la chuo, si langu: wana haki gani ya kuuliza? Tulibishana sana, na ningependa kuliangalia hili kwa haki, maana ni rahisi sana kwa kijana kulilaumu kanisa, na urahisi wa jambo huwa unanitia shaka.

Sheria ya nchi inajulikana. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini, ya 22 haki ya kufanya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya dini, miongoni mwa mengine mengi; lakini kifungu hicho hicho kinasema si ubaguzi kumchagua mtu kwa sifa ambayo kazi yenyewe kwa asili yake inaidai. Dola letu hata halitaki kujua: sensa haijamuuliza Mtanzania dini yake tangu ile ya 1967. Sasa je, kazi gani kwa asili yake inadai imani? Mwalimu wa teolojia, sawa. Mlezi wa kiroho wa wanafunzi, sawa. Mhasibu? Wali wa mpishi unaiva vizuri zaidi akiungama?

Nilikuwa nacheka hivyo mpaka nikafikiria yule mlinzi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anashuka na sanduku lake saa nne usiku, kapotea, hana hela, na mtu wa kwanza wa chuo kukutana naye ni mlinzi wa getini. Kama kuna mahali ambapo chuo cha kanisa kitaonekana ni cha kanisa au si cha kanisa, ni pale, sio kwenye mhadhara wa takwimu. Kwa hiyo sithubutu kusema kwamba nyumba haina haki ya kuuliza anayeingia ni mtu wa namna gani. Kanisa lilijenga. Chuo cha Nyegezi kilianzishwa mwaka 1960, wakati nchi yenyewe haijapata uhuru. Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Mwanza, baada ya serikali kufungua mlango wa vyuo vikuu binafsi katikati ya miaka ya 1990. Vyuo vishiriki vikafuata Iringa, Moshi, Tabora, Mtwara, Morogoro, vingine vikakua vikawa vyuo vikuu kamili. Wenzetu Waislamu nao wana chuo kikuu chao Morogoro tangu 2005. Watu waliojenga wana haki ya kutaka jengo libaki na maana waliyoikusudia.

Na hata Roma haitaki wote wawe Wakatoliki. Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa katiba ya kitume juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki, Agosti 15, 1990, inaitwa Ex Corde Ecclesiae. Ndani yake walimu wasio Wakatoliki wanatajwa waziwazi: wautambue na kuuheshimu ukatoliki wa chuo, na wasiachwe wawe wengi kuliko Wakatoliki. Na dhamiri ya kila mtu iheshimiwe kikamilifu. Kwa hiyo Sheikh yumo. Aliyesahauliwa ni mimi, Mkatoliki ambaye betri zimeisha.

Ugomvi wangu na sharti lile, basi, ni mdogo lakini siuachi. Ni kwamba linawaadhibu wakweli tu. Mwongo haliwezi kumzuia hata siku moja. Mwongo atapata barua, atapata na ya pili ya akiba. Anayebaki nje ni yule aliyesema ukweli. Chujio linalopitisha mchanga na kukamata maji, nani atalinunua?

Wiki ile nilikuwa nasoma maungamo ya huyo huyo Agustino aliyepewa jina chuo cha Mwanza. Kitabu nilikinunua kwenye vitabu vya mitumba kule Posta, elfu tatu, hakina jalada. Nilidhani nitakutana na mtu mtakatifu. Nikakutana na mwalimu wa tuisheni.

Mwafrika, kazaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Alifundisha balagha Carthage, akaenda Roma mwaka 383 kutafuta wanafunzi wenye nidhamu, na kule Roma wanafunzi walikuwa na mchezo mmoja: ikikaribia siku ya kulipa ada, wanahama wote kwa mwalimu mwingine. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu kama chizi. Miaka elfu moja na mia sita na ushee, na watoto wangu wa kidato cha nne hawajavumbua kitu.

Mwaka 384 likaja tangazo. Mji wa Milano ulihitaji mwalimu wa balagha, kazi ya serikali, na nauli ya kwenda huko inalipwa. Agustino aliomba. Na aliombaje? Kwa miaka kama tisa alikuwa mfuasi wa Wamani, dini iliyokuwa na watu wake wenye kujuana na wakubwa. Kufikia wakati ule imani yao ilikuwa imeshamtoka moyoni. Lakini ndio hao hao aliowatumia wamfikishie maombi kwa gavana wa Roma, Symmachus, na kazi akaipata. Anaandika hayo mwenyewe, bila kujipamba. Yaani mtakatifu wa chuo kizima alipata ajira ya ualimu kwa mgongo wa dini ambayo alikuwa haiamini tena.

Ningeweza kuishia hapo, nikakata ukurasa nikaufunga pamoja na maombi yangu. Noma ni kwamba niliendelea kusoma. Milano akapangiwa kumsifu mfalme hadharani, na anasema alijua atasema uongo mwingi, na watakaompigia makofi watajua pia kuwa ni uongo. Wenyewe wanajua! Siku hiyo, akiwa anahangaika na hotuba, akampita ombaomba mlevi njiani, anacheka, na akamwonea wivu. Mwaka 386 aliacha kazi ile. Alisubiri siku kama ishirini mpaka likizo ya mavuno ya zabibu ili asilete makelele, akaondoka. Pasaka ya 387 akabatizwa. Na yapata mwaka 395 akaandika kitabu kizima kuhusu uongo, akisema hakuna uongo unaoruhusiwa, hata wa kumwokoa mtu roho yake.

Hilo la mwisho sikubaliani nalo. Kama wauaji wako mlangoni na jirani yuko chini ya kitanda changu, nitadanganya na nitalala usingizi. Lakini ndani ya kitabu hicho kuna kisa kimoja ambacho hakinitoki. Anamtaja Firmus, askofu wa mji wake wa Thagaste zamani. Askari wa mfalme walimtafuta mtu aliyekuwa amemficha. Firmus akajibu kwamba hawezi kusema uongo, na hawezi kumtoa mtu. Wakamtesa, akashikilia yote mawili. Nilikuwa nadhani mtu huwa na njia mbili: aseme uongo au asaliti. Kumbe kuna watu wanaokataa zote na kubaki wamesimama hapo katikati.

Zikiwa zimebaki siku kumi na sita kabla ya mwisho wa kupokea maombi, nikaenda kwa Mama Mwenyekiti.

Anakaanga vitumbua barazani kwake, miaka nenda rudi. Nilipiga hodi saa kumi na moja jioni, wateja wamepungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Tumsifu Yesu Kristo."

Msomaji, hili ni jambo ambalo ulimi wangu ulilijua kabla haujajua kusoma. Na bado ulikwama. Nadhani ulikuwa muda wa kumeza mate tu, lakini yeye aliusikia, na mimi nilisikia kwamba ameusikia.

"Milele na milele, amina."

Akanipa kigoda. Nikaeleza tangazo, kazi, siku zilizobaki. Nilikuwa nimejiandaa kuzungukazunguka, lakini nilipomwangalia mikono nilisahau maneno. Mikono ile ndiyo iliyomwosha mama yangu. Yeye na wanawake watatu wa jumuiya walifunga mlango wa chumba, wakamwosha, wakamvisha, wakatoka wakasema yuko tayari. Mimi nilikuwa uani nahesabu viti. Na sasa nilikuwa nimekuja kuomba mikono hiyo iandike kwamba nimekuwa nasali nao miaka yote hii.

Hapo ndipo niliona kitu ambacho kijiweni hatukukiona, na ambacho nadhani hata wanafalsafa hukipita haraka. Tulikuwa tunajadili uongo wangu. Lakini uongo ule haukuwa wangu kuusema. Mimi nisingeandika neno hata moja. Wa kuandika ni yeye, wa kugonga muhuri ni yeye, wa kumwangalia paroko machoni Jumapili ni yeye, na mshahara ni wangu. Uongo wa kutafuta kazi unatembea hivyo karibu siku zote: unaazima uaminifu wa mtu mwingine, mara nyingi mtu maskini mwenye muhuri. Mjumbe wa mtaa. Mwalimu mkuu wa zamani. Mama wa vitumbua. Wao wana kitu kimoja tu chenye thamani, kwamba wakisema jambo watu wanaamini, na sisi tuliosoma tunakwenda kukikopa tukijua hatutakirudisha.

"Kwa hiyo unataka niandike kuwa wewe ni muumini hai," alisema.

"Ndivyo walivyoandika wao, mama."

Akageuza kitumbua. "Baba, mimi sijawahi kumwambia mtu kitumbua ni cha leo kama ni cha jana. Nikishampunguzia bei ya jana, anakula kwa amani na mimi nalala kwa amani. Sasa nimwambie Padri wewe ni wa leo?"

Sikujibu.

"Lakini kukuandikia nitakuandikia. Nitaandika ninachokijua." Kisha, kama anayekumbuka jambo dogo: "Jumamosi tunasali kwa yule mzee wa kona, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukipenda njoo. Ila usije kwa ajili ya barua. Barua nitakupa hata usipokuja."

Ningependelea angeniwekea masharti. Angesema njoo Jumamosi mbili nikuandikie, ningekwenda, ningelipa, tungemalizana. Mkono mtupu haulambwi, na mimi ningejua nimeujaza. Alivyofanya alininyang'anya hata kisingizio.

Sikulala vizuri siku zile. Niliwaza kuhusu babu yangu, mzaa mama, aliyebatizwa misheni akiwa kijana mkubwa kwa sababu moja ambayo hakuificha maisha yake yote: shule ilikuwa pale na kabla ya kuingia darasani walikuuliza jina la Kikristo. Alichukua jina ili apate kusoma. Alikuwa anatusimulia akicheka, na anatusimulia rozari iko mkononi, na alikufa rozari iko mkononi. Alidanganya lini sasa? Siku ile alipochukua jina kwa ajili ya kalamu? Au kuna mambo ambayo mtu huyaingia kwa mlango wa nyuma, na miaka ikapita, akawa mwenyeji kuliko waliopitia mbele? Namweka babu hapa makusudi, kwa sababu anaharibu hoja yangu, na sitaki kuonekana kama nimeficha shahidi. Tofauti ninayoiona ni moja, na si kubwa: babu hakumtuma mtu amwapie.

Jumamosi nilikwenda. Ukiniuliza nilikwendea nini nitakuambia niliamka mapema. Tulikuwa watu kumi na mmoja, nane wanawake. Wakasoma injili ya Jumapili, wakaulizana neno gani limemgusa nani, mzee mmoja akalalamikia mchango wa ukarabati, tukaagana. Hakuna aliyesema karibu tena, wala aliyeniuliza nilikuwa wapi. Mwenye nyumba alinipa chai.

Barua niliipata Jumatano. Iliandikwa na mjukuu wake wa darasa la sita, kwa mwandiko wa mviringo, naye Mama akaweka sahihi yake na muhuri anaouhifadhi kwenye kopo la Blue Band. Ilisema hivi: "Namfahamu kijana huyu tangu kipaimara. Amebatizwa na ana sakramenti za umri wake. Mama yake alikuwa mwanajumuiya wetu mpaka kufa. Tangu msiba hakuonekana kwenye jumuiya wala kwenye zaka. Jumamosi iliyopita alikuja. Hana ugomvi na mtu. Anafundisha watoto wa mtaa na wasiolipa hawafukuzi."

Paroko aliisoma mara mbili. Ni padri kijana, alihamia baada ya mimi kupotea, kwa hiyo alikuwa ananiona mara ya kwanza. Nilingoja anihubirie. Akageuza karatasi akatazama nyuma kana kwamba kuna zaidi, akairudisha, akaandika chini: "Nathibitisha yaliyoandikwa hapo juu." Sahihi, muhuri. "Hawajasema barua isiwe ya kweli," akaniambia, na akamwita anayefuata.

Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho, mimi na Sheikh tulikwenda posta pamoja kutuma bahasha zetu. Foleni ilikuwa ndefu, watu wa vifurushi mbele yetu. Akaniuliza yangu hatimaye imesemaje. Nikampa asome kabla sijaifunga. Alicheka pale kwenye zaka, kisha akaacha kucheka, akaisoma mpaka mwisho, akainyoosha kwenye paja lake kabla ya kunirudishia.

"Utaituma hivi hivi?"

"Nitaituma."

Akakaa kimya kidogo. Akatazama bahasha yake, ambayo yeye alikuwa ameshaifunga kwa gundi.

"Unajua ya kwangu inasemaje?" alisema. "Inasema sikosi swala ya Alfajiri msikitini."

Nimeishi na Sheikh chumba kimoja miaka miwili. Nilimwangalia. Aliendelea kutazama bahasha.

"Wewe," nikamwambia, "si ndiye niliyekuwa nakuamsha saa mbili?"

"Sogea," akasema. "Foleni inakwenda."